Mkiandika vitu vya ndani dhamana, wote wawili muwepo

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyetaka mwanamke aliyeolewa asikopeshwe na mtu yeyote mpaka mumewe aruhusu, eti kwa sababu kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa na rejesho la kila siku, wanavunja ndoa. Gazeti lenyewe lilinifikia limefungia vitumbua, lakini barua ilikuwa nzima na nimeisoma yote. Ameandika kwa uchungu, maana televisheni ya nyumbani kwake ilibebwa kwa deni la mkewe. Mtu umerudi nyumbani umechoka, unakuta pale televisheni ilipokuwa pamebaki vumbi na waya, lazima uumie. Ila mkosaji si yule aliyemtaja.

Mimi naishi Katonga, hapa Kigoma mjini, chini kabisa kwenye mwalo, pale vyombo vya uvuvi vinapofikia. Nanunua dagaa, naanika, nauza. Pia ni mtunza hesabu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hivi vya sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Kazi hiyo ina ubaya wake: unajua ya nyumba za watu kuliko unavyotaka kujua. Najua nani hisa zake anapewa na mumewe, na nani anamlipia mumewe deni la kijiweni kisha anatuambia pesa imedondoka sokoni. Majina sitaji. Mwaloni ukitaja kanga ya mtu tu, watu wameshamjua.

Ninalolitaka ni moja. Mtu mzima, mke au mume, akope anavyoona. Lakini akitaka kuandika dhamana vitu vya nyumba wanayokaa wawili, yule wa pili awepo pale vinapoandikwa na asomewe. Na asiyetaka mwenzake ajue, aandike vyake peke yake.

Msomaji wako sidhani kama amewahi kukaa kwenye mwalo, kwa hiyo nimweleze pesa ya huku inavyoingia. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Taa inawaita juu, wavu unawabeba. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, vyombo vinavutwa ufukweni na wanaume wanashona nyavu au wanacheza bao. Hapo ni wiki nzima, pengine zaidi, hakuna kinachoingia. Likirudi giza, kazi inarudi. Asubuhi chombo kikifika, kwanza yanatolewa mafuta, halafu mapato yanagawanywa kati ya tajiri mwenye chombo na vijana waliovua. Mvuvi anaweza kupata leo pesa ya kununua gunia la unga, kesho akarudi na dagaa wa mboga tu kwenye kikopo.

Sisi wanawake tunasubiri ufukweni na mabeseni. Ukinunua alfajiri na jua likawa zuri, jioni umekusanya dagaa mkavu. Zikianza mvua za Novemba mpaka Aprili, unaanika huku unatazama mawingu ya upande wa Kongo. Ikinyesha kabla hujakusanya, beseni la elfu hamsini linakuwa chakula cha kuku. Mzigo ukisalimika, unatafuta mnunuzi wa kuupakia garimoshi, na mnunuzi naye mara nyingi anachukua leo na kulipa akishauza.

Kwa hiyo ndani ya nyumba moja mna pochi mbili na kila moja ina siku zake. Ya baba inafuata mwezi wa angani, ya mama inafuata jua, mvua na uaminifu wa mtu aliyeko Tabora au Dar es Salaam. Ada, kodi ya chumba, unga na dawa ya mtoto havifuati kimojawapo. Kwenye pengo hilo ndipo anapoingia kijana mwenye begi la mgongoni na daftari la marejesho.

Nitoe hesabu ya mwanachama wetu, kwa ruhusa yake. Alichukua 200,000 kwa mkopeshaji wa mtaani. Fomu ilikatwa 10,000 hapo hapo, akaondoka na 190,000. Rejesho ni 10,000 kila siku kwa siku 26, yaani 260,000. Ukijumlisha faida na fomu, amelipia 70,000 kwa pesa ambayo hakukaa nayo hata mwezi mmoja. Wakopeshaji wa daraja lake, yaani wasiopokea amana za watu, kwa utaratibu wa Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, hawatakiwi kuzidisha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Asilimia 3.5 ya 200,000 ni 7,000. Kalipa mara kumi. Na ndani ya siku hizo 26 mbalamwezi lazima ipite, vyombo vilale, lakini kijana wa begi halali. Siku ya nne bila rejesho dada yetu alienda kukopa kwa mwingine ili amlipe huyu. Mpaka hapo mumewe hajui lolote, na mume naye alikuwa anadaiwa mafuta mwaloni ambayo mkewe hayajui.

Riba peke yake haikumharibia nyumba. Kilichomharibia ni karatasi. Msomaji wako aisikilize sehemu hii vizuri, maana nadhani ndiyo iliyompata na yeye.

Mkopeshaji wa namna hii hataki hati, maana anajua watu wa huku wengi hawana. Anakuja nyumbani kwako. Anaketi kwenye kochi, anaomba maji ya kunywa, anaangaza macho, anaandika. Televisheni inchi 32, moja. Makochi, seti moja. Godoro sita kwa sita. Feni. Mtungi wa gesi mkubwa. Anapiga picha kwa simu, kila kitu na picha yake, na wewe mkopaji unasimama pembeni ya televisheni uonekane. Kwa huyo dada, kwenye kona karibu na mlango, palikuwa na betri kubwa ya sola. Ikaandikwa: betri, moja. Akatia saini.

Ile betri haikuwa yake na wala haikuwa ya mumewe. Ilikuwa ya tajiri. Ni ya taa za kuvulia, mume anailaza ndani kwa sababu ya wezi na mchana anaipeleka kuchajiwa. Siku vijana walipokuja na pikipiki mbili, mume alikuwa amelala, katoka ziwani. Aliamka kakuta kochi limeshatoka nje na mmoja amekumbatia betri. Akamwambia, "Kijana, hiyo iache. Hiyo si yangu wala si ya mama watoto, hiyo ya tajiri." Yule akajibu bila hata kusimama, "Mzee, sisi tunafuata karatasi. Muulize mama."

Basi akamuuliza mama, mbele ya watu, na mtaa mzima ukasikia alivyomuuliza.

Usiku ule ulikuwa wa giza zuri. Chombo hakikutoka. Vijana wote wa chombo kile wakalala na njaa kwa mkopo wa mwanamke ambaye wengine hawakumjua hata kwa sura. Tajiri akaitaka betri yake au pesa yake, na mume akakatwa kwenye mgao mpaka ilipokwisha. Mke alikaa kwao kwa muda, wazee wakaenda wakazungumza, akarudi. Wanaishi. Lakini yule bwana mpaka leo halazi kifaa cha kazi ndani ya nyumba yake, anakilaza kwa mdogo wake.

Sasa niulize: mume angeombwa "ruhusa" kwa namna anayoitaka msomaji wako, ingesaidia nini? Angeulizwa mlangoni mke akope au asikope, angesema ndiyo au hapana kwa hasira au kwa furaha ya siku hiyo. Betri ingeandikwa vilevile. Kilichotakiwa ni awepo pale inapoandikwa, anyooshe mkono aseme hiyo itoeni.

Msaidizi wa kisheria alikuja kwenye kikundi chetu akatueleza, na mimi niliandika. Kuhusu nyumba yenyewe sheria haina mchezo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo imekaza upande wa rehani. Ndiyo maana benki wakikuona na hati wanakuuliza mwenza yuko wapi, na wapo mabwana wa Ujiji walioambiwa warudi na bi mkubwa na bi mdogo pia. Kwa vitu vya ndani hakuna mlango mzito kama huo. Lakini kipo kifungu cha 58, kinachosema ndoa peke yake haibadilishi mwenye mali: cha mume ni cha mume, cha mke ni cha mke. Kwa maana hiyo ukiandika dhamana feni ya mwenzako umeandika cha mtu. Na mkopeshaji aliyepokea karatasi hiyo bila kuuliza feni ni ya nani, naye asijifanye hana habari.

Hapo wanaume hufurahi. Wanasema kila kitu humu ndani nimenunua mimi. Taratibu, baba. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya watu walioachana. Sitaki tufike huko, nataka tu anayesema "nimenunua mimi" akumbuke nani alikuwa anapika na kulea wakati yeye ananunua.

Kwenye kikundi chetu tulikaa tukatunga utaratibu, na haukupita kwa amani. Wa kwanza kupinga alikuwa bibi mmoja, mwanachama wa siku nyingi, anayeuza mawese. Mwenyekiti alikuwa ameeleza kwamba kila mkopo wa zaidi ya laki mbili mume aje atie saini. Bibi akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi, akasema: "Mwanangu, wewe mume wako akija jioni anakuuliza umekula nini. Wangu ananiuliza umebakisha shilingi ngapi. Akijua nimepewa laki tatu, kesho hamna laki wala mawese." Wengi walicheka, lakini waliocheka kwa sauti ndogo niliwaona, na nilijua kwa nini.

Hilo ndilo msomaji wako hakuligusa. Wapo wanawake ambao siri ndiyo mtaji wao. Mume akijua pesa ipo, haipo. Ukimlazimisha mwanamke wa namna hiyo alete saini ya mume, hujamwokoa na kausha damu, umempeleka kwake, kwa sababu kausha damu hamuulizi. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Hizo ndizo mbaya kabisa, mtu anakopa amejifunika shuka, na akichelewa wanawatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yake, hata mchungaji, hata wifi.

Tukabishana mpaka jioni ikaingia. Mwisho fomu ikagawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni vitu vya mkopaji mwenyewe: hisa zake kwenye sanduku, mabeseni, chanja za kuanikia, cherehani yake, mzigo alionao stoo, vitenge vyake. Mtu akijaza hiyo peke yake na wanachama wawili wakamdhamini, mume hatumtafuti na hatumuulizi. Sehemu ya pili ni vitu vya nyumba. Ukiandika hata stuli kwenye sehemu ya pili, mwenzako anakuja siku ya mkutano, anasomewa mstari kwa mstari, anatia saini au dole gumba mbele yetu. Akikataa kitu kinafutwa, na mkopo unapungua kwa kadiri ya kilichofutwa. Bibi wa mawese alijaza sehemu ya kwanza peke yake, akapata mkopo mdogo kuliko aliotaka, akaridhika.

Wapo waliotuhama kwa ajili ya fomu hiyo, siwezi kuficha. Walisema kikundi kimekuwa baraza la ndoa. Na kweli kuna siku kilikuwa. Mvuvi mmoja alikuja kumsikilizia mkewe. Nilipofika kwenye feni akanikatiza: "Feni nimenunua mimi, ifute." Nikafuta. Mkewe akasema, kwa upole kabisa, "Ifute, dada. Na makochi yangu nayo yafutwe kule alikokopea mashine." Kimya. Mashine gani? Ndipo tukajua, na nadhani mkewe alikuwa anasubiri siku ya kutujulisha, kwamba bwana alishanunua mashine ya boti kwa mkopo na makochi ya mkewe yameandikwa huko tangu mwaka uliopita. Alikuwa ameyaona kwenye karatasi iliyosahauliwa mfukoni mwa koti wakati wa kufua.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba wanaokopa kwa siri ni wanawake. Mwanaume anadaiwa mafuta, anadaiwa nyavu, amechukua pikipiki ya mkataba, amemdhamini rafiki, amechukua kwa tajiri pesa ya mgao ambao bado uko majini, na akirudi nyumbani yote hayo anayaita shughuli. Mke akichukua laki mbili za kuongeza mabeseni, hilo ni deni na linaandikwa gazetini. Mtumishi wa serikali yeye angalau mshahara wake una ukuta, makato hayatakiwi kuingia kwenye theluthi moja ya mwisho, na karatasi ya mshahara inaonyesha anadaiwa na nani. Mvuvi hana karatasi ya mshahara. Madeni yake yako kichwani mwake, na akizama, Mungu apishe mbali, mjane anayajua msibani, yanakuja na watu wake wamevaa kanzu.

Mwaka 2024 ulituonyesha. Ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Sina ugomvi na uamuzi huo, dagaa walikuwa wamepungua kweli na ziwa ni la nchi nne. Ila miezi mitatu bila mgao ilitoa nje kila deni la kila mwanaume wa mwalo. Mwenye duka alikuja, tajiri alikuja, fundi wa mashine alikuja. Wake walikuwa wanahesabu vidole.

Wapo waliopita salama, na nawataja wawili niliowaona kwa karibu kwa sababu mke ni mwanachama wetu. Wiki ambayo ziwa lilikuwa linakaribia kufungwa walikaa usiku, watoto wamelala, wakaandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Sikukuta hotuba humo, nilikuta orodha. Anayetudai, kiasi gani, nani kachukua, kwa ajili ya nini, akichelewa kulipwa anafanya nini. Kile cha mwisho ndicho kilichonivutia. Tajiri, 180,000, mume, alichukua mtoto alipolazwa, "anasubiri msimu". Duka la unga, 64,000, wote, "anaacha kukopesha". Kikundi, 300,000, mke, mtaji, "faini". Mkopeshaji wa mtaani, 90,000 iliyobaki, mke, ada, "anakuja kuchukua godoro". Mume hakujua la mkopeshaji, mke hakujua kiasi cha tajiri. Mke alinisimulia kwamba walinuniana siku mbili, hakuna aliyemsemesha mwenzake zaidi ya "maji ya kuoga yapo".

Halafu wakapanga. Wa godoro alilipwa kwanza, deni lote, kwa mgao wa giza la mwisho kabla ya kufunga, ingawa deni la tajiri lilikuwa kubwa zaidi. Duka likapewa nusu ili lisifunge mlango wa unga. Mke akaja kwetu kabla ya kuchelewa, akaomba marejesho yasogezwe, tukayasogeza bila faini, maana mtu akija mapema tunazungumza naye kwa namna nyingine. Mume akaenda kwa tajiri mwenyewe, akamwambia mpaka Agosti sina. Tajiri alijua, na yeye chombo chake kilikuwa mchangani. Miezi ile mitatu mke aliingia kwenye mawese ya Simbo, dumu mbili mbili, na mume, mvuvi wa ukoo wa wavuvi, alibeba madumu. Watu walimcheka. Godoro lao lipo.

Kwenye mawaidha ya harusi siku hizi maharusi wanaambiwa waunganishe pesa, pochi iwe moja, ndiyo mapenzi. Mimi sikubaliani. Huku kwetu Ujiji mashehe wametufundisha tangu zamani kwamba mali ya mke ni yake na matumizi ya nyumba ni juu ya mume, na hata Sheria ya Ndoa inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe. Pochi ziwe mbili, sioni dhambi. Mwanamke asiye na pochi yake hata kuzika kwao anaomba nauli. Ninachotaka kisiwe na pande mbili ni ile orodha ya nyuma ya kalenda. Mke asihesabiwe faida yake ya dagaa, mume asihesabiwe soda yake, lakini mtu anayeweza kuja mlangoni kubeba kitanda, wote wawili wamjue kwa sura na kwa kiasi.

Wakopeshaji wenye leseni wa hapa mjini nawaomba mambo mawili, wanisamehe lugha ya sokoni. Fomu zenu ziwe na ile sehemu ya pili, na afisa wenu akifika nyumbani asianze kuandika kabla mwenza hajaketi. Kama mume yuko ziwani, arudi mchana, wavuvi mchana wapo. Na marejesho ya watu wa mwaloni yafuate giza, si kila siku. Mteja wenu atalipa zaidi mkimdai siku ambayo ana pesa, hata mimi nisiye na shahada naliona hilo.

Halmashauri nayo, ile mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iliyositishwa 2023 ikarudi 2024, ni mizuri kwa kuwa haina riba na haiandiki godoro la mtu. Maafisa maendeleo ya jamii wakija kutufundisha kuandika andiko la mradi, watenge saa moja waite na waume. Wengi watakuja mkisema kuna soda.

Msomaji wako aliyepoteza televisheni, nami nina swali kwake, ajibu hapa hapa gazetini akipenda. Siku ile aliporudi akakuta waya, mkewe alikuwa anajua yeye anadaiwa na nani na kiasi gani?

Fomu yetu ni ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Kikundi kinachotaka kuinakili kije Katonga siku ya mkutano wetu, Alhamisi alasiri, nyuma ya chanja za kuanikia. Waulize mwenye funguo. Waje na karatasi yao, mashine ya kutoa nakala iko mbali na sisi hatugawi bure.

Mtunza hesabu wa kikundi,
Katonga, Kigoma